Kijoho cha Asiye na Kiti

Barghumu. Mpaka anazeeka, kila Apolinaria aliposukuma mkasi kwenye kitambaa kizito, aliisikia kwa mbali ile pembe ya tandala aliyopuliza baba yake: sauti moja ndefu, nene, iliyokatika mwishoni kama mtu aliyemeza neno. Alikuwa na umri wa miaka sita au saba misafara ya mwisho ilipokuwa ikipita Mgongwe, kijiji chao, kwenye njia kuu ya zamani iendayo pwani. Pembe ikilia, wanawake waliacha mitwangio wakakimbilia njiani kutazama nani ametangulia.

Aliyetangulia alikuwa baba yake, Lusangija. Alikuwa kirangozi, kiongozi wa njia. Kirangozi hakuchaguliwa na mwenye mali. Wapagazi wenyewe ndio waliomtaka, kwa kuwa alijua maji yalipo na alijua kusema na watu wa kila kijiji. Akishachaguliwa alivikwa joho jekundu, na tangu hapo sheria ilikuwa moja: hakuna mtu kumpita kirangozi njiani. Awe mpagazi, awe mnyampara, awe tajiri mwenyewe juu ya punda wake, akimpita alinyang'anywa mshale au kisu mpaka alipe faini. Nyekundu ile haikuwa pambo. Mtu wa mbele ndiye aliyekutana kwanza na simba, na kisima kilichokauka, na watu waliojificha vichakani. Joho lilikuwa malipo ya kukubali kufa wa kwanza.

Nimeanza na hayo kwa sababu bila hayo hasira ya Apolinaria haieleweki. Na hasira ile, nimeipima miaka mingi, nami naiona ilikuwa ya haki.

Mwaka 1954 Apolinaria alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye cherehani ya miguu na macho yaliyoanza kumsaliti kwenye tundu la sindano. Aliishi Tabora, mtaa wa Kanyenye. Kushona alifundishwa na masista, na kwa miaka ishirini nguo za altare za jimbo letu zilipita mikononi mwake: alizishona, alizitia viraka, alizifua, alizipiga pasi ya mkaa. Cherehani yake ilikaa barazani kwa Nasor bin Sulemani, muuza vitambaa, ambaye babu yake ndiye aliyempa Lusangija lile joho jekundu. Kwa hiyo hawa wawili walitaniana kama watu waliorithi utani pamoja na nyumba.

"Mama Pelagia," Nasor alimwita asubuhi moja, akimwita kwa jina la bintiye kama ilivyo adabu, "leo unashonea tausi?"

Mapajani mwa Apolinaria kulikuwa na kitambaa cha zambarau, kizito, chenye kung'aa.

"Nawashonea makanoni. Na ukome kukigusa, mikono yako ina mafuta ya sambusa."

"Ndio akina nani hao?"

"Mapadri sita aliowachagua Askofu wawe baraza lake pale kanisa kuu, Igwisimba. Kila mmoja na kiti chake. Hao wakikaa, ndio wanaoamua."

"Na mzee wenu wa Mgongwe yumo?"

"Padri Kasimiri? Yumo. Jina lake limesomwa makanisani kote, wa sita."

"Alhamdulillahi," Nasor akasema, bila utani sasa. "Basi kengele yenu imepona."

Kila mtu Kanyenye alijua habari ya kengele hiyo. Reli ilipojengwa iliiacha Mgongwe kando, saa nne kwa miguu. Njia kuu ya zamani ikaota nyasi, na wakubwa wa jimbo wakaanza kuuliza kwa nini padri mzima akae mahali ambapo hakuna apitaye. Ilisemwa kwamba kanisa la Mgongwe lifungwe, mabati yaezuliwe, kengele ihamishiwe Tura kwenye stesheni. Baraza jipya lingeamua katika kikao chake cha kwanza. Kanisa lile lilijengwa na Padri Kasimiri, Mnyamwezi wa hapo hapo, pamoja na watu wake. Wanawake walifyatua matofali. Mama yake Apolinaria alikanyaga udongo wa matofali yale akiwa amekwisha kuwa kizee, na kaburi lake liko nyuma ya ukuta wa sakristia, chumba cha mavazi ya misa. Ukiezua bati na kuondoa padri, mvua mbili tu, na kaburi ni pori.

Kwa hiyo Padri Kasimiri alipotajwa, Mgongwe walicheza siku mbili. Siwema, wifi yake Apolinaria, mke wa mdogo wake, alipanda treni na jogoo kikapuni kuja kumshukuru fundi, kana kwamba fundi ndiye aliyemchagua.

"Wifi, sasa tuna mtu kitini!" alisema. "Mshonee vizuri. Waone kwamba naye ametoka kwa watu."

Apolinaria akaahidi. Jogoo akafungwa kwenye mguu wa cherehani na kumdonoa Nasor kila alipopita.

Vitambaa vilikuja vimefungwa katika bahasha sita kubwa, kila moja na karatasi ya vipimo na jina la padri. Vijoho vya mabegani, vifupi, vyenye vifungo kumi na viwili mbele. Apolinaria alikata vitano kwa wiki moja. Bahasha ya sita aliiweka ya mwisho makusudi, kama mtu anavyobakiza nyama. Alipoifungua alikuta kitambaa cheusi, chepesi, na utepe wa zambarau usiozidi upana wa kidole, wa kupita ukingoni. Bitana, kitambaa cha kushonea ndani, haikuwemo. Vile vitano vilikuwa na bitana ya hariri.

Akaitikisa bahasha. Akatazama sakafuni. Akasoma tena jina: Kasimiri.

"Wamekosea," alimwambia Nasor. "Wamempa masalio."

"Huenda kitambaa kiliwapungukia. Mimi nina cheusi kama hicho, najua bei yake. Hicho ni cha mifuko ya ndani."

Kesho yake alipanda treni ya asubuhi, daraja la tatu, bahasha kifuani.

Igwisimba ulikuwa mji wa Askofu, na shughuli za Askofu zilikuwa mikononi mwa padri mmoja Mzungu ambaye watu walimwita Padri Katibu. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa uchungu, maana ingekuwa rahisi angekuwa mbaya. Alimkaribisha Apolinaria, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri.

"Hapana kosa, mama. Padri Kasimiri ni kanoni wa heshima. Wale watano ni makanoni wa haki. Mavazi yao ni tofauti."

"Tofauti kwa nini, Baba Padri?"

Akamweleza, maana alipenda historia. Zamani sana Ulaya, alisema, makanoni walikuwa mapadri walioishi na askofu wao nyumba moja, wakala meza moja, wakaimba sala zote za mchana na usiku katika kanisa kuu. Kila mmoja alikuwa na kiti chake, na kila kiti kilikuwa na mashamba yake ya kumlisha mkaaji. Baadaye watoto wa mabwana wakubwa wakavitaka viti kwa ajili ya mashamba. Wakavipata, wakakaa majumbani mwao, wakaajiri mapadri maskini kwenda kuimba badala yao.

"Waliajiri watu wa kuwasalia?" Apolinaria akauliza.

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Mambo ya zamani. Basi viti vilikuwa na idadi, na watu wa kufurahishwa hawakuwa na idadi. Ndipo kukawa na makanoni wa heshima. Mtu hupewa jina, hupewa vazi, huruhusiwa kuandamana na wenzake siku kuu. Wapo waliokuwa makanoni wa kanisa ambalo hawakuwahi kuliona kwa macho."

"Na kiti?"

"Kiti hana."

"Na barazani, wakati wa kuamua?"

"Haingii. Lakini ni sifa kubwa, mama. Miaka thelathini na miwili ya utumishi! Askofu alitaka kumshukuru."

Ukutani palining'inia saa kubwa, na Apolinaria aliitazama mpaka mshale ukasogea.

"Na bitana?" alisema mwishoni.

"Cha heshima hakina haja ya bitana," akasema Padri Katibu kwa upole. "Huvaliwa mara chache."

Miaka thelathini na miwili. Hebu tuitazame miaka hiyo, maana Padri Katibu aliitaja kama mtu anayetaja umri wa mti. Ni miaka ya kutembea njia ya misafara huku na huku, kwa miguu kwanza, kisha kwa baiskeli isiyo na breki, kubatiza, kuzika, kugawa dawa ya malaria, kupatanisha wake na waume. Mwaka wa ndui alilala kibandani pamoja na wagonjwa, na uso wake ulibaki na alama. Wale watano wenye viti walikuwa wageni wote, wema baadhi yao, na mmoja hakuwa amemaliza mwaka nchini. Hakuna hata mmoja aliyejua njia ya kwenda Mgongwe. Na hao ndio wangekaa kuamua habari ya Mgongwe, naye aliyeijenga angesimama nje akiwa amevaa nguo nzuri. Mtu akikunyima chakula, unajua umenyimwa. Lakini akupe sahani tupu iliyopambwa, na akutake ushukuru!

Apolinaria hakurudi Tabora siku ile. Alikwenda Mgongwe. Alimkuta Padri Kasimiri nyuma ya kanisa, miguu peku, akipanda miche ya mihogo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Karibu, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa polisi?"

"Unajua, Baba Padri? Unajua walichokupa?"

Akasimama, akajifuta udongo mikononi. Akaona bahasha.

"Barua ilikuwa ya Kilatini," alisema. "Kilatini ninakijua."

"Na umewaacha watu wacheze ngoma siku mbili!"

"Ningewazimia furaha? Walianza kucheza kabla sijafungua bahasha."

"Wanasema una kiti!"

"Wanasema hivyo."

"Siwema ameniletea jogoo kwa ajili ya kiti hicho! Jogoo, Baba Padri! Nimrudishie nikimwambiaje? Mchukue jogoo wako, padri wenu amepewa ukingo wa zambarau wa kidole kimoja?"

Mzee akacheka kidogo, na kucheka kwake kukamwongezea mwenzake hasira. Mwaka ule ulikuwa wa kelele kwa Apolinaria. Aligombana na Padri pale mihogoni mpaka watu wakatoka majumbani, ingawa kwa umbali ule walisikia kelele tu, si maneno. Aligombana na makarani wa stesheni. Aligombana na Nasor, ambaye hakuwa na kosa ila la kusema labda mambo yatakuwa sawa.

"Sikiliza," Padri Kasimiri alimwambia, akishusha sauti. "Usiwaambie kwanza. Nimemwandikia Askofu. Nimeomba aniruhusu niingie niseme maneno machache juu ya Mgongwe kabla hawajaamua. Kuamua waamue wao. Kusema tu. Nikiruhusiwa, kiti si kitu."

"Amekujibu?"

"Bado."

Apolinaria akaahidi kunyamaza. Ilikuwa ahadi ya pili, nayo ilimuuma kuliko ya kwanza.

Aliporudi Tabora, alitoa sandukuni joho la baba yake. Nondo walikuwa wamelila mabegani, lakini mgongo wake ulikuwa mzima, mwekundu kama siku lilipotoka dukani. Nasor alilitambua mara moja. Alikunjua miwani yake, akalishika upindo.

"Hili ni la babu."

"Lilikuwa la babu yako alipolinunua. Baba yangu alipolitembeza likawa lake."

"Unataka kulifanya nini?"

"Wamesema cha heshima hakina haja ya bitana."

Nasor hakutania. Aliingia ndani, akatoka na kibunda cha uzi mwekundu, akakiweka juu ya cherehani, akaenda zake kuuza khanga.

Alikata mgongo wa joho kwa kipimo cha Padri Kasimiri, akaushona ndani ya kitambaa cheusi. Mishono yote aliificha katikati, kama fundi anayeshona nguo ya kuvaliwa pande mbili, maana hakutaka hata uzi mmoja uliolegea. Vifungo alivitilia mkazo wa nyuzi nne.

Siku ya kuwasimika makanoni, Mgongwe nzima ilikuja Igwisimba. Walitembea siku moja na nusu kwa njia ya zamani, wakikata nyasi kwa mapanga ili wapite. Mbele yao alikuja mzee Marko, aliyekuwa mpagazi katika safari za Lusangija akiwa kijana. Mkononi alikuwa na barghumu.

Kwenye sakristia, Apolinaria aliwavika makanoni yeye mwenyewe. Alipomfikia Padri Kasimiri, mzee aliona wekundu ukipita mbele ya macho yake, akaushika.

"Apolinaria, hii ni nini?"

"Bitana, Baba Padri. Umejibiwa?"

Akatikisa kichwa. "Lakini wataniita mlangoni. Nadhani wataniita mlangoni."

Maandamano yakatoka. Na hapa ndipo watu wa Mgongwe walipokosea, kosa ambalo wao tu wangeweza kulikosea. Katika maandamano ya kanisa mdogo hutangulia na mkubwa huja nyuma. Askofu ni wa mwisho kabisa. Kanoni wa heshima, kwa kuwa ni mdogo wa wote, aliwekwa mbele ya wale watano. Lakini njia ya misafara iliwafundisha wazee wa Mgongwe kinyume chake. Walipomwona Padri wao ametangulia, peke yake, na wale watano wa zambarau wakimfuata nyuma kama wapagazi, wanawake walipiga vigelegele mpaka mabati yakaitika. Mzee Marko akainua pembe, akaipuliza: sauti ile ile, ndefu, nene, ikakatika mwishoni.

"Kirangozi!" watu wakapiga kelele. "Kirangozi wetu!"

Apolinaria alikuwa mlangoni mwa sakristia. Alisikia barghumu ambayo hakuisikia kwa miaka arobaini na mitano, na akauma upindo wa kitenge chake ili asilie. Ndani ya kanisa lile wawili tu kati ya watu wa Mgongwe walijua maana ya kutangulia kule, yeye na aliyetangulia.

Baada ya misa maandamano yalivuka uwanja mpaka kwenye chumba cha baraza, kwa kikao cha kwanza. Padri Kasimiri alifika mlangoni, akasimama kando, mikono imefumbatwa, akingoja kuitwa. Kanoni wa pili akataka kuingia.

Mzee Marko akaruka, akaweka fimbo yake ikingame mlangoni.

"Nani anampita kirangozi?" aliuliza. "Faini!"

"Faini! Faini!" watu wakaitikia, wakicheka, wakipiga makofi. Siwema alikuwa ameshika pindo la kijoho cha zambarau cha mgeni wa watu, akimdai mbuzi.

Makanoni walitazamana. Padri Katibu, aliyejua mambo ya makanoni wa miaka mia nane iliyopita na hakujua sheria ya njia iliyopita mbele ya dirisha lake, alidhani ni salamu. Akacheka kwa furaha, akatoa mfukoni picha ndogo ya mtakatifu, akampa mzee Marko. Marko akaipokea kwa mikono miwili. Faini imelipwa, akaondoa fimbo. Watano wakaingia, mmoja mmoja, na Askofu nyuma yao.

Padri Kasimiri akapiga hatua moja.

"Tutakuita ikibidi, Baba," Padri Katibu akamwambia kwa adabu, akafunga mlango.

Watu wakakaa uwanjani kungoja. Wakafungua vifurushi vya viazi vitamu, wakala. Hakuna aliyeuliza kwa nini kirangozi yuko nje. Walidhani analinda mlango. Yeye alibaki amesimama juani mbele ya ule mlango, na kila palipolia kitasa alinyoosha mgongo. Apolinaria alimletea stuli ya sakristia. Hakuikalia.

Mlango ulifunguliwa kabla viazi havijaisha. Haikuchukua muda kuamua habari ya mahali ambapo hakuna apitaye. Padri Katibu alitoka na karatasi akaisoma kwa Kiswahili safi: Mgongwe itahudumiwa kutoka Tura, mabati na kengele vitachukuliwa mwezi ujao, baraza linampongeza Kanoni Kasimiri kwa utumishi wake mrefu.

Kisha Siwema akainuka, makombo ya viazi yakimdondoka.

"Lakini Baba Padri," alimwambia mzee wake, si kwa ukali, kwa mshangao tu, "si wewe ulikuwa mbele?"

Mzee Marko aliitazama picha ya mtakatifu mkononi mwake, akaigeuza, akaona nyuma ni nyeupe, na polepole nadhani akaelewa alichouza. Uso wa Padri, wenye alama za ndui, uliinama mpaka kidevu kikagusa kifungo cha juu.

Watu wote wakamgeukia Apolinaria, maana walimjua kwa kelele. Walingoja alipuke. Padri Katibu naye alingoja, akikunja karatasi. Na Apolinaria alikuwa na la kusema, mimi najua. Alikuwa amebeba kifuani maneno ya miezi mitatu, kila moja limenolewa.

Akapita katikati yao mpaka alipo mzee. Akaanza kumfungua vifungo, kimoja baada ya kingine, vyote kumi na viwili, kama anavyofunguliwa mtoto aliyetoka mvuani. Akakivua kijoho, akakikung'uta, wekundu ukawaka juani, na watu wa Mgongwe wakavuta pumzi kwa pamoja. Akakishika kwa mabega, upande wa baba yake ukiwa nje, akamnong'oneza kwa sauti ambayo Padri Katibu, hatua mbili tu kutoka pale, hakuisikia:

"Vaa hivi, Baba. Tangulia, twende nyumbani."